Mawe Chini ya Tela

Sakafu ilikuwa na joto. Luciana alishusha miguu kitandani alfajiri ile, akitafuta kandambili kwa vidole, na nyayo zake zikakuta uvuguvugu pale alipozoea kukuta baridi. Ulikuwa mwezi wa sita. Aliyewahi kulala Singida mwezi wa sita anajua upepo wake haumwonei mtu haya. Hata kwenye nyumba ya tofali za kuchoma unaamka umejikunja, sembuse ndani ya tela la bati jembamba lililoegeshwa kando ya uwanja wa mnada. Lakini sakafu ilikuwa na joto zuri, la jiwe lililoshinda juani. Luciana hakujiuliza. Alifurahi, tena alisimama juu yake kwa muda akajinyoosha, ndipo akawasha jiko dogo la gesi na kuteleka chai.

"Baba Peni, amka. Chai tayari."

Emilian, mumewe, aligeukia ukutani. "Kunywa wewe. Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini? Jana umelala na viazi vya kuchemsha."

"Basi vilikuwa viazi vyenye baraka," akasema, akacheka macho yakiwa bado yamefumbwa.

Alikuwa mtu wa utani, na mkewe alishazoea kuokota la maana na kuyaacha mengine yapite. Akamwinamia mtoto wao, Peniel, aliyelala katikati ya tela juu ya meza iliyokunjuliwa ikawa kitanda. Mtoto alikuwa ametota jasho. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana, vyeupe, kama vya mtu aliyefua tangu asubuhi hadi jioni. Luciana akambusu shavuni, na mdomo wake ukaonja chumvi.

Jasho lina chumvi, alijiambia, akambadilisha nguo.

Tela lile lilijulikana minadani kuliko wenyewe walivyojulikana. Watu waliliita nyumba ya konokono. Wazungu wawili wazee walikuwa wamelivuta kutoka mbali, wakalala ndani yake nchi baada ya nchi, mpaka gari lao likafa giaboksi karibu na Singida mjini. Emilian, aliyekuwa fundi wa kuchomelea, aliwahangaikia wale wazee kama wazazi wake, na walipoamua kurudi kwao kwa ndege wakamwachia tela. Lilikuwa na kitanda cha watu wazima nyuma, meza katikati, tangi la maji chini ya sinki, na madirisha ya plastiki ngumu ambayo yeye aliyaziba nyufa kwa gundi. Alilitunza vizuri kupita kiasi. Kila baada ya safari ndefu alifungua magurudumu, akafuta beringi, akazipaka grisi mpya kwa kidole taratibu, kama mama anayempaka mtoto mafuta. Ukimgusia kuuza, hakusemeshi siku nzima.

Luciana naye alikuwa na sababu yake ya kulipenda. Walikuwa wauza mablanketi na mashuka, wakizunguka minada: leo Ikungi, kesho kutwa Itigi, wiki nyingine Mitundu, kisha kurudi Mandewa walikopanga vyumba. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia katika maisha hayo ya kulala gesti na kupanda juu ya mizigo. Peniel ndiye aliyekaa. Alipozaliwa, Luciana aliapa kwamba mtoto huyu hatamwacha kwa mtu, na pia hatamlaza penye kunguni na upepo. Ndipo tela lilipopatikana. Kwake yeye lile halikuwa tela. Lilikuwa ulinzi wa mwanawe.

Sasa tuje kwenye mawe.

Wiki chache kabla ya asubuhi ile walikuwa wakielekea Mitundu, jua limeshaanza kuinama, wakaamua kupumzika njiani. Wakaona uzio wa minyaa ulioota ovyo, na ndani yake uwanja mkavu, tambarare kiasi. Yalikuwa mahame. Kuta za tembe zilishalala chini, zimebaki vichuguu vya udongo vyenye nyasi. Emilian alirudisha pikapu nyuma, akafungua mnyororo, na tela likakaa limeinama upande. Kulala kwenye tela lililoinama ni adhabu. Damu yote inakimbilia kichwani. Akazunguka kutafuta mawe ya kulisawazisha. Singida mawe si kitu cha kutafuta, yamejaa kila mahali, lakini yeye alirudi na matatu tu, ya kimo kimoja, yamelainika juu kama yamekaliwa miaka mingi. Akapiga jeki, akasukuma jiwe moja chini ya kila gurudumu, na la tatu chini ya mguu wa mbele. Akaweka pima maji juu ya meza. Povu likatulia katikati bila kuyumba.

"Umeona? Kama yalichongwa kwa ajili yetu," alisema.

Luciana aliona kitu kingine. Upande mmoja wa kila jiwe ulikuwa mweusi kwa masizi. Yeye ni mtu wa Kinampanda, amelelewa na bibi yake, na bibi yake alikuwa akisema wazi kwamba mafiga ya mtu hayahamishwi na mtu mwingine, awe hai awe amekufa. Alifungua mdomo. Lakini mtoto alikuwa analia, giza linakuja, na alijua mumewe angemcheka. Kwa hiyo akanyamaza. Asubuhi, Emilian alipoyapakia mawe nyuma ya pikapu akisema kule Mitundu kuna mchanga mtupu na mawe kama haya hayapatikani, akanyamaza tena.

Tangu hapo kila walipoegesha, tela lilikaa juu ya mawe yale matatu.

Peniel alikuwa ameshaanza kukaa mwenyewe na kupigapiga makofi. Akaacha. Kila asubuhi aliamka wa moto, ikifika saa nne mwili unapoa, jioni anacheka kidogo, asubuhi wa moto tena. Mashavu yakashuka. Mikono ikawa myembamba, ngozi inavutika ukiishika. Walimpeleka zahanati, nesi akampima, akasema hana malaria, kifua ni safi, huenda ni meno, mama ajitahidi kumnyonyesha. Luciana alijitahidi mpaka maziwa yakamuuma, na mtoto akazidi kupungua mikononi mwake.

Emilian naye alinawiri. Hakuna aliyeweza kuacha kuliona hilo. Shingo ilijaa, ngozi ikang'aa, mkanda akautoboa tundu jipya kwa msumari. Minadani wanawake walimtania Luciana. "Mama Peni, huyu unampa nini? Tuambie na sisi tuwape wa kwetu!" Yeye alicheka nao. Chai mumewe hanywi. Mchana anadonoa. Usiku anasema hana hamu.

Halafu ukaja ule moshi. Si wa gesi. Moshi wa kuni, wa miti mikavu, ulioingia kabla hakujapambazuka na kukaa kwenye nguo. Chini ya moshi kulikuwa na harufu ya uji mzito wa mtama, na ya mchuzi. Madirisha yalikuwa yakitoka jasho kwa ndani, matone yanateremka, na Luciana alipopitisha kidole na kukinusa, kilinuka supu. Aliuweka mkono kwenye tangi la maji chini ya sinki akautoa haraka. Maji yalikuwa ya moto.

Asubuhi moja, walipokuwa wameegesha nje kidogo ya Itigi, alimkuta Peniel na punje za chumvi kifuani. Si jasho lililokauka. Chumvi ya mawe, punje nene, zimenyunyizwa kwa mpangilio kuanzia kooni hadi kitovuni.

Alizipangusa. Akabaki anampangusa mtoto na kumpangusa hata pale ngozi iliposhakuwa safi.

"Emilian," alinong'ona. "Amka uone."

"Mmh."

"Kuna mtu anaingia humu ndani."

"Mlango nimeufunga mwenyewe, mama." Akajigeuza, akajilamba midomo, akalala.

Siku iliyofuata Luciana hakulala ndani ya tela. Alisema anaumwa mgongo, akachukua blanketi mbili na mtoto, akajifungia kwenye pikapu, vioo juu, milango imebanwa. Alimfunga Peniel kifuani kwa khanga, akaifunga fundo juu ya fundo, akakaa macho akimwimbia mtoto nyimbo zote za kanisani alizozijua. Usingizi ulimwiba karibu na alfajiri. Aliposhtuka mbingu ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu, khanga ilikuwa bado imefungwa kifuani pake, fundo juu ya fundo kama alivyoifunga mwenyewe, na ndani yake hapakuwa na mtoto.

Hakukumbuka kufungua mlango wa gari. Alikumbuka tu baridi ya mchanga miguuni, halafu joto, kwa sababu kadiri alivyolikaribia tela ardhi ilizidi kuwa na joto, na pale chini, katikati ya mawe yale matatu, ambapo hapakuwa na kuni wala kaa hata moja, hewa ilikuwa ikitetemeka kama inavyotetemeka juu ya moto, na kutoka pale ilikuja sauti ya mwiko mkubwa ukizunguka ndani ya chungu, kwaru, kwaru, taratibu, sauti ya mtu anayepika akiwa hana haraka kwa sababu anajua chakula chake kinaenda vizuri, na Luciana akauvuta mlango wa tela, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, akauvuta tena kwa mikono yote mpaka komeo likang'oka, akaingia kwenye mvuke mzito uliomziba macho, akapapasa meza, akamkuta mwanawe amelala pale pale pa siku zote, katikati, uchi, amelegea, wa moto, na alipomwinua na kugeuka ili akimbie akamwona mumewe.

Emilian alikuwa ameketi kitandani. Macho yamefumbwa. Mkono wa kuume ulikuwa unakwenda mbele, unachota hewa, unaviringa kitonge, unapeleka mdomoni. Akatafuna. Akameza, koo likapanda na kushuka. Akatabasamu tabasamu ambalo Luciana hakuwahi kuliona usoni pake tangu waoane, la mtoto mdogo anayelishwa.

"Asante mama," akasema usingizini.

Walikuwa barabarani kabla jua halijatoka vizuri, tela nyuma, wanaelekea Kinampanda. Emilian aliendesha, bado hajaelewa vyote, ila alikuwa ameliona komeo lililong'oka, na alikuwa amemwona mwanawe. Walipopita Singida mjini ndipo akasema, macho barabarani, "Kuna mama huwa ananipikia. Usingizini."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipolala kwenye yale mahame. Simjui. Sura siioni. Ananiwekea chakula, ananiambia, kula mwanangu." Akakohoa. "Niliona aibu kukuambia. Wewe unajua mimi mama sikumwona. Pale kwa mjomba nilikuwa napakuliwa mwisho, ukoko. Sasa mtu ananiambia kula mwanangu, ningekataaje?"

Luciana alitaka kumpiga, na wakati huohuo alimwonea huruma. Akamkumbatia mtoto, akaangalia nje.

Bibi Febronia alikuwa mdogo wa yule bibi aliyemlea Luciana. Jumapili alikuwa kanisani kiti cha mbele, siku nyingine alikuwa na vibuyu vyake, na padri alishachoka kumsema. Walimkuta anapepeta alizeti uani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmekonda." Alimwangalia Luciana, akamwangalia mtoto, kisha macho yake yakakaa kwa Emilian na hayakuondoka. "Ila wewe. Wewe unakula wapi?"

Emilian aliinamisha kichwa. Luciana akaeleza yote kwa Kinyiramba, haraka haraka, akilia. Alipofika kwenye mawe, Bibi Febronia aliweka ungo chini, akatoka mpaka barabarani, akachungulia nyuma ya pikapu. Hakuyagusa. Aliporudi alinawa mikono.

"Mawe mangapi uliweka chini ya hiyo nyumba yako?"

"Matatu, bibi."

"Yamekaa vipi?"

"Mawili kwenye magurudumu, moja mbele."

"Na kitu kinachokaa juu ya mafiga matatu kinaitwaje, baba?"

Kuku walikuwa wanadonoa alizeti, na hakuna aliyewafukuza.

"Waislamu wa Mandewa watakwambia ni jini. Padri atasema pepo mchafu. Mimi namwita mwenye jiko," alisema Bibi Febronia, sauti chini. "Jiko lake lilikuwa limezimika. Alikuwa amekaa pale, njaa yake anaijua mwenyewe. Ukaja wewe, ukachukua mafiga yake, ukayapanga, ukateleka chungu juu. Kwake hiyo ni kusema, mama, nipikie. Akapika kilichokuwemo. Alianza na kinachoiva upesi."

Luciana akakaa chini kwenye vumbi. Emilian alikuwa amekwenda pembeni, anajitia vidole kooni ili atapike. Hakuna kilichotoka.

"Hakitoki," Bibi Febronia alimwambia, tena kwa upole. "Kimeshakuwa mwili wako. Njoo ukae, nisikilize. Kuyatupa mawe peke yake haitoshi, chungu kimeshapata moto. Anayekishusha ni yule aliyekiteleka. Mtarudi pale pale, leo, kabla jua halijazama. Utaliegesha kama ulivyoliegesha siku ile. Utakaa ndani peke yako. Atakupakulia. Ukatae."

"Nitakataa."

"Usijibu haraka. Hujalala, hujala, na atakuja na kila kitu ulichokikosa utotoni. Usimtukane; mwanamke aliyepika hatukanwi. Sema tu huli. Ukionja hata mchuzi, mtoto huyu haamki kesho. Na lipo jingine. Aliyekataa chakula cha yule, hashibi tena cha mtu yeyote."

"Kwa muda gani, bibi?"

"Sijaona aliyepona."

Emilian alimtazama Peniel. Mtoto alikuwa amelala mapajani pa mama yake, mdomo wazi kidogo, mbavu zinahesabika. Kisha akasimama, akaenda kukagua kiungo cha tela na mnyororo wake, akavuta kuhakikisha, kama afanyavyo kabla ya kila safari.

"Bibi, wewe utakaa mbele na Mama Peni," alisema. "Barabara ni mbaya."

Jua lilikuwa limegusa minyaa walipofika kwenye mahame. Emilian alipiga jeki, akasukuma jiwe chini ya kila gurudumu, na la tatu mbele. Akaingia, akavuta mlango. Bibi Febronia akamshika Luciana kifundo cha mkono, akamvuta mpaka nje ya uzio. "Chochote utakachosikia, usiitike. Wala usimwite jina."

Mwanzoni ilikuwa kimya, upepo tu. Halafu ukaja moshi, mwembamba, kutoka kati ya yale mawe, bila moto, na mwiko ukaanza kuzunguka chini ya tela, kwaru, kwaru, na harufu ikaja. Ilikuwa harufu nzuri. Hilo ndilo lililomtisha Luciana kuliko yote: mchuzi wenye kitunguu na samli, uji wa mtama mpya, na yeye mwenyewe tumbo likanguruma na mate yakamjaa mdomoni, wakati mwanawe kifuani pake alikuwa anazidi kuwa wa moto, jasho linamtoka kama maji, na Luciana akayatema yale mate, akajichukia, akayatema tena.

"Shikamoo mama," ilisikika sauti ya Emilian ndani.

Jibu halikusikika.

"Hapana mama. Leo nimekuja kushusha chungu."

Mwiko ukasimama. Peniel alijinyonga mikononi mwa mama yake, akatoa kilio kimoja kirefu, kisha akalegea.

"Najua. Najua umepika tangu asubuhi." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nyembamba. "Sijasema hakifai, mama. Ni kitamu. Hakuna mtu aliyewahi kunipikia namna hii."

Kitu kizito kama bakuli la udongo kikasukumwa juu ya sakafu, taratibu, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Emilian alikuwa analia, na hakuwa anaficha. Luciana alimsikia akivuta pumzi kwa pua, akiivuta ile harufu mpaka mwisho, na alitaka kupasua lile bati kwa kucha aingie, na mkono wa Bibi Febronia ukambana mpaka mfupa ukauma, na mtoto hakuwa anatikisika, hakuwa anatikisika kabisa, na jua lilikuwa limebaki ukucha tu juu ya minyaa.

"Mama," alisema Emilian, "humo ndani ni mwanangu."

Halafu akasema, "Sili."

Tela liliruka. Magurudumu yalinyanyuka kwenye mawe yakarudi kwa kishindo, madirisha yakapasuka, na chini pakatoka sauti ya chungu kilichopinduliwa juu ya makaa, chwaaa, na wingu la mvuke likafunika uwanja wote. Ndani yake Luciana alisikia mtu akipumua karibu na sikio lake, pumzi moja ya mtu aliyekosewa sana, kisha upepo ukalichukua lile wingu. Akaushika uso wa Peniel. Ulikuwa wa baridi. Akafikiri amemkosa. Ndipo mtoto akakunja uso, akajinyoosha, akaanza kulia kilio cha njaa, akitafuta ziwa kwa kichwa.

Emilian alitoka akipepesuka, mikono imebabuka malengelenge hadi viwikoni. Kwa mikono hiyohiyo aliyabeba mawe moja moja, akayarudisha kwenye vishimo vyake kwenye jiko la zamani. Bibi Febronia akanyunyiza unga juu yake, akaomba radhi kwa Kinyiramba, na hakutaka kutafsiri alichosema.

Sasa Peniel anatembea. Ana mashavu, ana kelele, anawafukuza kuku wa jirani pale Mandewa, na akina mama kliniki wanamuuliza Luciana anampa nini. Tela liko uani, limepandishwa juu ya tofali. Magurudumu yake bado yanapakwa grisi, ingawa haliendi popote.

Emilian anakula. Anakula ugali sufuria nzima, anakula maboga, anakula karanga mbichi na maganda yake, na nguo zinamning'inia. Hospitali wamempima kila kitu, hawajaona kitu. Jioni moja Luciana alikaa mbele yake akamtazama akimaliza sahani, na nyingine, na nyingine.

"Kina ladha?" aliuliza.

"Hakina. Hata chumvi siisikii."

"Kwa nini basi unakula?"

"Kwa sababu umepika wewe."

Peniel alikuja akikimbia, amejaa vumbi, akamparamia baba yake magotini, akamshika masikio, akicheka. Emilian alicheka naye. Kisha kicheko kikakatika. Akamwondoa mtoto polepole, akamkabidhi kwa mama yake, akasogeza kigoda nyuma hadi ukutani. Alikuwa amefumba macho, na koo lake lilikuwa linapanda na kushuka.

"Mate yamenijaa," alinong'ona. "Mama Peni, nimemnusa mtoto, mate yamenijaa."

Luciana alimkumbatia Peniel, naye Peniel akanyoosha mikono kwa baba yake, hajui kitu.

Tangu jioni hiyo Emilian analala kwenye tela, peke yake. Kila usiku anawasindikiza hadi mlangoni mwa chumba, anawaambia laleni salama, anasubiri nje. Luciana akichelewa kufunga, anagonga kwa kidole, taratibu, amkumbushe. Haondoki mpaka asikie komeo limeingia.